Kisa cha Shaba: mbwa wa kisukari aliyesusa chakula

Shaba ni jike chotara wa hudhurungi, mwenye miaka tisa hivi, aliyefungwa kizazi zamani. Analinda nyumba moja mtaani Tudor, Mombasa, upande unaoteremkia kwenye hori. Mwenyewe ni muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Sista, nami namwita vivyo hivyo. Kisukari kilikuwa kimegunduliwa miezi kadhaa kabla ya haya ninayoyaeleza, kwa dalili zile zile za kila siku: ndoo ya maji inakauka, mkojo kila pembe, bakuli linarambwa mpaka linang'aa, na bado mbavu zinazidi kuhesabika. Kutoka kilo 23 alikuwa ameshuka hadi 18. Alianzishiwa insulini ya binadamu ya muda wa kati, ile inayopatikana kwenye maduka ya dawa, tukampandisha pole pole hadi yuniti 7 asubuhi na 7 jioni, akatulia. Kudunga hakukuwa shida hata siku moja. Sista amedunga watu maisha yake yote.

Shida ilianza aliposusa chakula.

Simu aliyonipigia ilikuwa ya malalamiko zaidi kuliko hofu. "Daktari, huyu mbwa amedeka. Nimempikia hiki, nimempikia kile, ananusa anaondoka zake. Sasa nimpe nini?" Karibu kila mtu huanza na swali hilo la nimpe nini, na kwa mbwa wa kisukari lina zamu yake, ila si zamu ya kwanza. Kwanza nataka kujua sindano ya mwisho ilidungwa lini, yuniti ngapi, na baada ya hapo tumboni kuliingia nini. Mbwa mzima akiruka mlo mmoja au miwili hutakuta msiba. Huyu mwenye kisukari yuko katikati ya hatari mbili zinazovutana: akiwa na insulini mwilini na tumbo tupu, sukari ya damu inaporomoka; akikaa bila insulini, mwili unaanza kula mafuta yake wenyewe na damu inageuka tindikali. Kumwokoa na moja kwa pupa ndiko kunakomsukumia kwenye nyingine, na ndivyo ilivyotokea hapa.

Sista ana daftari. Wauguzi wa zamani ni watu wa kuandika, na daftari lile lilinisaidia kuliko maelezo yote ya kwenye simu. Lina safu nne zilizopigwa kwa rula: saa, chakula, yuniti, maoni. Ukurasa wa wiki ile ulikuwa hivi:

Jumapili jioni: amekula nusu. 7.
Jumatatu asubuhi: ugali wa dona na sukuma, amekula robo. 7. Ametapika povu la njano.
Jumatatu jioni: amelamba tu. 7. Saa nne usiku anapepesuka, anatetemeka. Asali kwenye fizi. Amepata nafuu.
Jumanne: samaki wa kupaka. Hajala. Sijadunga.
Jumatano: maini. Hajala. Sijadunga. Ametapika mara mbili. Anakunywa maji sana.

Tusome ukurasa huo taratibu, maana ugonjwa wote umo humo.

Jumatatu, mbwa aliyekula robo alipewa dozi ya mbwa aliyemaliza bakuli, na jioni akapewa tena. Kwa mazoea ya wodini jambo hilo lina maana: dawa ina saa yake, na mgonjwa asiyetaka kula hubembelezwa, akanywa hata uji. Shaba hakuna wa kumbembeleza. Insulini ile huanza kushika kwa nguvu saa chache baada ya sindano, na ilipokuta hakuna chakula kinachoingia, sukari ikashuka. Kupepesuka, kutetemeka, macho kukodoa bila kutazama kitu, wakati mwingine kuanguka na degedege: hizo ni dalili za sukari iliyo chini ya takriban 3.5 kwa kipimo cha mmol/L. Asali ya kwenye fizi ilikuwa tiba sahihi kabisa. Hupakwa kwenye fizi kwa kidole, haimiminwi kooni, kwa sababu mbwa aliyezimia nusu humeza kwa njia ya pumzi.

Halafu ikaja Jumanne, na woga. Nani angethubutu kumdunga mbwa ambaye usiku wa kuamkia alikuwa anatetemeka sakafuni? Sista akaacha insulini kabisa. Kwa mlo mmoja, kuacha kungeeleweka. Siku mbili nzima ni habari nyingine. Kisukari cha mbwa si kile ambacho wengi wetu tunakijua kwa wazee wetu, kinachoweza kushikwa kwa vidonge, kutembea na kupunguza wanga. Kwa mbwa, karibu kila mara kongosho limeshindwa kutoa insulini ya kutosha, na hakuna chakula cha kuziba pengo hilo. Insulini ikikosekana, seli zina njaa katikati ya damu iliyojaa sukari. Mwili unayeyusha mafuta, ini linayageuza ketoni, zile zinazotia damu tindikali, na ketoni zikizidi zinaleta kichefuchefu. Mbwa mwenye kichefuchefu hali. Asipokula, mwenyewe anaogopa kudunga. Asipodungwa, ketoni zinaongezeka. Duara hilo halikatiki kwa kubadilisha mapishi.

Nilifika Jumatano jioni, na kabla ya kufungua mkoba nilimwomba Sista amwekee Shaba chakula, nikae nitazame. Naona hiki ni kipimo kisicho na gharama ambacho watu wengi wanakiruka. Kuna mbwa asiyeweza kula: anakimbilia bakuli, anachukua kipande, anakiangusha, anageuza kichwa atafune upande mmoja, huyo fungua mdomo utafute jino lililovunjika kwa mfupa. Kuna mbwa aliyeshiba: anakuja na mkia unapepea, anakutazama wewe kuliko bakuli, kisha anaenda kulala, huyo uliza majirani. Shaba hakuwa hivi wala vile. Alikuja hatua tatu, akanusa kwa mbali, akaanza kulamba midomo yake na kumeza mate, mara moja, mara mbili, mara tatu, uzi wa mate ukaning'inia, akageuza uso kama aliyeonyeshwa kitu kichafu. Alipofika kivulini alijinyoosha, kifua chini na matako juu, akakaa hivyo muda mrefu kuliko mbwa anayejinyoosha tu. Nilipomgusa tumbo chini ya mbavu, lilikaza kama ubao.

Huyo ni mbwa anayeumwa tumbo na mwenye kichefuchefu. Hakuna mahali pa neno kudeka hapo.

Fizi zilikuwa zinanata, ngozi ya shingoni ikivutwa inachelewa kurudi. Pumzi ilikuwa na harufu ya ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Si kila pua huikamata, kwa hiyo kutoisikia hakumsafishi mbwa. Glukomita, kile kifaa cha kupimia sukari ya damu, ilisoma 26.4, na glukomita za binadamu kwa kawaida husoma damu ya mbwa chini ya ukweli, kwa hiyo hali ilikuwa huko au mbaya zaidi. Stripi ya mkojo ilionyesha sukari ya juu kabisa na ketoni alama mbili. Niseme pembeni: stripi hizi zinaona aina moja tu ya ketoni, wala si ile inayokuwa nyingi zaidi, kwa hiyo rangi hafifu kwa mbwa aliyelegea isimpe mtu usingizi.

Meno yalikuwa salama. Kupe wawili sikioni, lakini hakuwa na homa, na vipimo vya damu baadaye havikuonyesha ugonjwa wa kupe, ambao hapa pwani sithubutu kuuruka mbwa yeyote anaposusa chakula. Mkojo tuliupeleka maabara kuoteshwa vijidudu, maana mbwa wa kisukari hupata maambukizi ya kibofu bila kuonyesha, na kile kibandiko cha stripi kinachotafuta usaha hakitegemeki kwa mbwa. Haukuota kitu.

Basi nini kilianza Jumapili? Sista hakujua. Aliyejua ni kijana wa shamba, aliyekuwa amesimama kando na mpira wa maji. "Daktari, Jumamosi jirani walikuwa na harusi. Watoto walimpitishia sinia getini. Biriani, na yale mafuta ya mbuzi." Sahani moja ya biriani ina mambo matatu ambayo mbwa hapaswi kuyaona: kitunguu cha kukaanga, ambacho huharibu chembe nyekundu za damu, zabibu kavu, kama mpishi alizitia, ambazo zinaweza kuua figo, na mafuta, ambayo kwa mbwa mwenye kongosho lililokwisha kudhoofika huweza kuliwasha moto. Kipimo cha damu cha kongosho kilirudi juu, picha ya tumbo ikaonyesha limevimba. Kongosho lililovimba na kisukari ni jozi ya kawaida sana kwa mbwa. Kinachochosha ni kwamba siku zile zile Sista, kwa mapenzi, alikuwa akimpikia samaki wa kupaka. Tui la nazi juu ya kongosho linalowaka.

Matibabu ya zahanati nayapitia haraka kwa sababu si ya kufanyia nyumbani. Maji ya mshipa kwanza, kwa saa kadhaa, pamoja na potasiamu, maana mbwa asiyekula huishiwa nayo na insulini huisukuma iliyobaki ndani ya seli. Kisha insulini ya muda mfupi kwa vipimo vidogo vidogo, na sukari ilipofika kiwango cha chini kiasi, maji yenye glukosi yakaongezwa ili insulini iendelee bila kumwangusha. Ndiyo, alidungwa bila kula. Sista alishangaa. Tofauti ni kwamba kule sukari inapimwa kila saa moja au mbili, na chakula kinapita kwenye mshipa. Nyumbani huna hayo. Akapewa dawa ya maumivu na dawa ya kichefuchefu. Ketoni zilichukua siku mbili kuondoka.

Sasa chakula, ambako Sista alitaka kuanzia.

Zamani mbwa mwenye kongosho lililovimba alifungishwa mpaka atulie. Siku hizi tunamlisha mapema, mara kutapika kukishadhibitiwa, kidogo kidogo na bila mafuta. Lakini tuliamua jambo moja ambalo lilimkera Sista: kuku na wali, chakula tulichokusudia kumrudisha nacho nyumbani, kisimfikie puani hata mara moja wakati bado analamba midomo. Mbwa akinusa chakula huku tumbo linamsokota, anaweza kukihusisha na ule ugonjwa na kukikataa hata akipona. Ndiyo maana dona ilikuwa imemchukiza, samaki amemchukiza, maini yamemchukiza. Kila sahani mpya aliyoletewa katikati ya kichefuchefu ilikuwa sahani moja iliyofutwa kwenye orodha. Kumjaza kwa bomba mdomoni ni vibaya zaidi. Hukataa, na mara nyingine chakula huishia mapafuni.

Dawa ya kichefuchefu ilipofanya kazi na kulamba midomo kukakoma, kuku akatoka. Kifua bila ngozi, kimechemshwa kwa maji matupu, kimechambuliwa nyuzi nyuzi; wali mweupe uliopikwa ukalainika; malenge ya kuchemsha yaliyopondwa. Hakuna chumvi, kitunguu, kitunguu saumu wala tone la mafuta. Kilipashwa moto hadi vuguvugu la mwili, kwa sababu mbwa hula kwa pua kwanza na chakula cha kutoka friji hakinuki kitu. Kijiko kimoja mkononi, kisha tukaondoa bakuli. Dakika ishirini baadaye, kijiko kingine. Kwa mbwa wa kilo 18 aliyelala tu, mahitaji ya siku ni kalori kama 610. Gramu 150 za kuku aliyeiva, 250 za wali na 100 za malenge zinakaribia hapo. Siku ya kwanza tulilenga theluthi tu, tukagawa mara nne, na tukapanda siku zilizofuata.

Sista alikuwa na hoja, nayo ni ya haki: wali mweupe kwa mgonjwa wa kisukari? Kwa muda, ndiyo. Mbwa aliyekula wali ninaweza kumpangia insulini. Mbwa asiyekula chakula bora kabisa duniani siwezi kumpangia chochote. Chakula kinachosifiwa kwa kisukari cha mbwa, chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache, ni kizuri, ila kwa mbwa aliyekonda si cha kukimbilia. Huwa hakina ladha na kinaweza kumkondesha zaidi. Kwa hali ya Shaba, mafuta machache yalikuwa sharti, nyuzinyuzi zingesubiri. Na sharti kubwa kuliko yote ni kwamba chakula kiwe kile kile, uzito ule ule kwenye mizani, saa zile zile. Kipimo cha insulini kimeegemea chakula, na chakula kikiyumba kila siku kipimo hakina pa kuegemea.

Kuku na wali peke yake haviwezi kumlisha mbwa miezi. Kalsiamu haitoshi, na mengine mengi. Tulianza kumchanganyia chakula kikavu cha dukani chenye mafuta machache, robo kwanza, kwa wiki mbili tukifika kwenye nusu, na Shaba hakugoma. Kama angegoma tungetafuta kingine. Sina mapenzi na kampuni yoyote, namfuata mbwa.

Nyumbani utaratibu wa Sista ulibadilika mahali pamoja tu: chakula mbele, sindano nyuma. Saa kumi na mbili anakula, dakika ishirini anaangaliwa asitapike, ndipo anadungwa. Nyuma ya daftari tuliandika: amemaliza au karibu amemaliza: dozi kamili; amekula nusu: nusu ya dozi; hajala kabisa au ametapika: usidunge kwanza, pima sukari, pima ketoni, piga simu saa hiyo hiyo. Wala usiongeze dozi ya jioni kufidia ya asubuhi. Kila daktari ana namna yake ya kuandika hayo kwa mbwa wake, kwa hiyo mwenye mbwa mwingine aombe ya mbwa wake, na ayaombe kabla mambo hayajaharibika.

Nilikagua pia bomba la sindano na chupa, nikakuta sawa. Insulini ya binadamu huwa na yuniti 100 kwa mililita, ile ya wanyama mara nyingi ni 40, na kila moja ina bomba lake. Ukivuta ya 40 kwa bomba la 100 hadi alama ya 10, umempa mbwa yuniti 4. Stima ikipotea na friji ikanyamaza, chupa inavumilia kivulini kwa saa nyingi. Kinachoiua ni dashibodi ya gari, au kuwekwa kwenye barafu ikaganda.

Ushauri wa mtaani haukukosekana. Jirani mmoja alisifu mwarobaini, mwingine kijiko cha mafuta ya nazi "kulainisha kongosho". Kijiko hicho kingeturudisha zahanati. Wa tatu alileta peremende zisizo na sukari, za mumewe mwenye kisukari, kwa nia njema kabisa. Hizo ndizo zilizonitisha. Nyingi zina zailitoli, utamu usiomdhuru mtu, lakini kwa mbwa huamsha kongosho kumwaga insulini, sukari ikaporomoka ndani ya saa moja, na kipimo kikubwa huharibu ini.

Watoto wa jirani hatukuwakataza, kwa sababu kukataza watoto huleta kujificha. Kijana wa shamba sasa ana kopo la vipande vya karoti na tango mbichi, na wao ndio wanaompa Shaba kipande kimoja kimoja baada ya sindano ya jioni. Baba yao amekubali kwamba siku ya shughuli atapiga simu, Shaba afungwe uani mpaka masinia yaoshwe.

Kongosho lilipopoa, insulini ilianza kufanya kazi vizuri zaidi, tukamshusha hadi yuniti 5 kabla ya kumrudisha 6. Amefika kilo 19 na nusu. Macho yameanza kuwa na ukungu. Mtoto wa jicho huwapata mbwa wengi wa kisukari hata wakitunzwa, na hilo Sista alikwisha kulisoma mwenyewe. Alichotaka kujua ni afanye nini ikitokea tena saa nane za usiku. Ndani ya boksi moja kuna glukomita, stripi za mkojo, asali ya sukari ikishuka, na vidonge vya kichefuchefu nilivyovipimia kilo zake. Avitumie kwa mpangilio huo, na vidonge asivitoe kabla hajanisomea namba mbili za kwanza kwenye simu.